Timu ya Wafanyakazi Isiwe Zawadi ya Tajiri



Kila tawi linapokaa kutayarisha madai ya mkataba mpya, yanayoandikwa ni mshahara, nyumba, likizo na matibabu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chama na hakuna anayebisha. Lakini lipo jambo moja ambalo huachwa nje ya karatasi kila mara, nalo ni michezo. Hilo tunaliona kuwa jambo la Jumapili, la kumwomba meneja kwa unyenyekevu: mipira miwili, jezi, na lori la kutupeleka kwenye mechi. Meneja akiwa mpenda mpira, tunapata. Akihamishwa, timu inakufa. Maoni yangu ni kwamba jambo hili liandikwe katika mkataba kama yale mengine.

Tuwatazame kwanza watu wanaoibeba timu. Yupo fundi wa mitambo anayefundisha vijana baada ya zamu. Yupo mama aliyechuma chai tangu asubuhi, na jioni anasimamia netiboli ya wasichana wa kambini. Yupo karani wa mizani anayepuliza filimbi na kutukanwa na pande zote mbili. Hakuna hata mmoja anayelipwa, na mara nyingi nauli na sabuni ya kufulia jezi hutoka mfukoni mwao. Tunawasifu kuwa ni watu wa kujitolea. Sifa ni njema, lakini mtu aliyejitolea kwa ajili ya wenzake hastahili kuachwa peke yake siku ya shida.

Na siku ya shida huja. Kibarua anayelipwa kwa kazi aliyopimiwa anavunjika mguu uwanjani Jumapili. Jumatatu hawezi kwenda shambani, na asiyekwenda shambani hana malipo. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyompata mtu akiwa kazini. Je, mechi ya Jumapili ni kazi? Mchezaji atasema alivaa jezi yenye jina la kiwanda na meneja mwenyewe alikuwa akimpigia makofi. Mwajiri atasema ule ulikuwa mchezo wa hiari. Ubishi utachukua miezi, na watoto wanataka kula leo. Sentensi moja katika mkataba ingeumaliza: anayeumia akiichezea, akiifundisha au akiichezesha timu ya mahali pa kazi atatibiwa na kulipwa kama aliyeumia kazini.

Wapo wenzetu wanaosema chama ni cha kudai mishahara, si mipira, na kwamba matajiri hutumia mpira kuwasahaulisha watu njaa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini dawa yake ni wafanyakazi kuishika timu yao wenyewe, kwa kamati waliyoichagua. Timu ya KCC ya Kampala ilianza mwaka 1963 kati ya vibarua wa idara ya mhandisi wa jiji, ikiongozwa na Samuel Wamala, mkuu wa sehemu ya maji machafu. Mwaka 1976 ikawa bingwa wa Uganda, na mwaka 1978 ikachukua kombe la klabu za Afrika ya Mashariki na Kati. Vibarua hawakosi uwezo. Wanachokosa ni msaada wa kudumu.

Tuangalie na jirani zetu wa Zambia. Wakati wa kampuni ya umma ya ZCCM, migodi ya shaba ilihudumia klabu, viwanja na makocha. Kalusha Bwalya, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1988, alitoka katika klabu za mji wa migodi wa Mufulira. Migodi ikauzwa vipande vipande, na kufika mwaka 2000 sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wenye mali wapya. Klabu nyingi zikabaki bila mlezi na viwanja vikachakaa. Kinachotolewa kwa hisani huondoka na mtoaji.

Kwa hiyo naleta madai matatu yajadiliwe matawini.

La kwanza ni mafunzo. Kila timu iwe na watu wawili waliofunzwa huduma ya kwanza, na kocha na refa waliopitia kozi. Siku za kozi zihesabiwe kuwa siku za kazi. Mtu aliyefunzwa hauvuti mguu uliovunjika, hamnyweshi maji aliyezimia, na aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu hamrudishi uwanjani siku hiyo hata timu ikifungwa.

La pili ni fedha. Mwajiri atoe fungu la mwaka linalojulikana, na wanachama wanaopenda wachangie. Tuseme watu 400 wanatoa shilingi 1,000 kila mwezi: kwa mwaka ni shilingi 4,800,000. Hesabu zibandikwe ukutani kila baada ya miezi mitatu. Asikatwe mtu yeyote bila kutaka. Pendekezo namba 102 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1956, linahimiza wafanyakazi wapate mahali pa burudani karibu na kazi, lakini linakataza kumtoza mtu gharama za huduma asiyotaka kuitumia.

La tatu ni ustawi wa wanaojitolea. Pamoja na fidia ya ajali, warudishiwe nauli, na wasipangiwe zamu ya usiku kabla ya mechi. Akina mama wapate mtu wa kuwaangalia watoto saa za mazoezi, la sivyo netiboli itabaki jina tu. Huko Nairobi, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimewahi kuwapa vijana wanaojitolea alama kwa kazi zao, na alama hizo zikawasaidia kupata karo ya shule. Kama vijana wa mtaa wa mabanda waliweza kupanga hivyo, kiwanda chenye ofisi na mhasibu kina udhuru gani?

Kila kamati ya tawi isome pia sheria mpya ya michezo ya Uganda ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, ili klabu zetu zisimame kihalali.

Ndugu, mkutano ujao wa tawi msimtume mjumbe kwa meneja kuomba mipira. Mtumeni na kipengele kilichoandikwa. Mpira huchakaa kwa msimu mmoja. Mkataba uliotiwa sahihi unamfunga hata meneja ajaye.