Nimeitoa Ile Video ya Samaki Wawili

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya samaki wawili wa buluu kwa tanki moja hapa Kitengela. Ndiyo ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na pesa yake ilinilipia nyumba miezi miwili. Wiki hii nimeitoa. Wale samaki wote wawili walikufa kitambo, na ni mimi niliwaua.

Walikuwa vitatange wa maji ya chumvi. Wauzaji huwaita angelfish, lakini watu wa Pwani walikuwa wameshawapa jina lao. Mmoja alikuwa imperator. Mwingine alikuwa semicirculatus, yule anayeitwa Koran angelfish kwa sababu akiwa mdogo, michoro ya mkia wake inafanana na maandishi ya Kiarabu. Wote wanapatikana kwa bahari yetu. Wakiwa wachanga ni kama ndugu: mwili wa buluu iliyokolea, michoro myeupe. Imperator ana miviringo, mwenzake ana mistari iliyopinda kama mwezi mchanga. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole changu. Nikasema, hawa wanafanana hivi, si watakaa poa.

Hapo ndipo niliharibu. Kitatange anamchukia zaidi yule anayefanana naye, kwa sababu anamwona kama mtu amekuja kumnyang'anya chakula na nyumba. Baharini anayeshindwa anaenda zake mbali. Kwa tanki la lita 240 ataenda wapi? Siku ya nne mmoja alikuwa amejibana nyuma ya pampu, mapezi yameraruka, hataki kula. Siku ya tisa nikamtoa akiwa amekufa. Aliyebaki alimaliza kama mwezi hivi, stima ikapotea usiku mzima, pampu ikasimama, asubuhi nikampata akielea. Msilaumu stima. Pampu ya betri singekosa kuinunua, ni vile pesa nilikuwa nimenunua taa ya kushutia video.

Nilipompigia yeyo kule Mashuuru hakunihurumia. Aliniambia, "Wewe umelelewa kwa boma. Ulisahau aje kwamba fahali wawili hawakai zizi moja?" Ukame wa 2022 ulitumalizia ng'ombe, kwa hivyo yeyo hawezi kusikia mnyama amekufa bila kuuliza ni nani alikuwa anamchunga.

Niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kuwaonyesha. Haya nimeyajua kwa kupoteza.

Ukichagua kitatange, usiangalie alivyo leo dukani. Uliza atakuwa mkubwa kiasi gani. Imperator na semicirculatus wanafika kama sentimita 40, yaani wanapita rula ya shule. Mmoja tu anataka tanki la lita 800 kwenda juu. Bedsitter yako haina hiyo nafasi, na yangu pia haina. Kumnunua mdogo ukisema utapata tanki kubwa baadaye ni kumkopea nyumba ambayo hujajua utaijenga lini.

Kwa tanki la kawaida la nyumbani, maoni yangu ni moja: chukua kitatange kibete, na chukua mmoja. Kuna acanthops, huyu ni wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Kichwa na mgongo ni rangi ya chungwa, mwili buluu, na ukubwa wake ni kama sentimita 8. Lita 200 zenye mawe mengi ya kujificha zinamtosha. Atashinda siku nzima akidokoa mwani kwa mawe. Ukiwa na matumbawe ya bei, jua anaweza kuyadokoa pia.

Kama lazima wawe wawili, tanki liwe kubwa zaidi, na watofautiane kwa jamii, rangi na ukubwa. Anayeingia kwanza ni yule mpole. Mkorofi aingie mwisho, kwa sababu anayetangulia hujiona mwenye nyumba. Vitatange vibete huanza maisha wakiwa majike, halafu aliye mkubwa anageuka dume. Kwa hivyo ukitaka wapatane kama mke na mume, chukua mkubwa na mdogo. Wawili wa saizi moja ni vita.

Na usilipe kabla hujamwona akila. Mwambie muuzaji amlishe ukiwa hapo. Kuna regal, mrembo kuliko wote kwa macho yangu, lakini chakula chake cha baharini ni sifongo, na wengi wakifika kwa tanki wanagoma kula mpaka wafe.

Maji nayo. Sisi wa Kajiado tunajua visima vyetu: maji magumu, na floraidi unaiona kwa meno ya watu. Huwezi kutia chumvi ya bahari humo uite bahari. Lazima yachujwe kwanza, na mashine inamwaga lita kadhaa ndiyo upate moja safi. Hayo ya kumwagwa mimi naflashia choo. Nikifikiria yeyo akifuata maji na punda, naona aibu kupoteza hata mtungi mmoja.

Najua mtaniambia samaki mmoja haleti watazamaji. Ni kweli, hii ya sasa imetazamwa na watu wachache sana. Lakini vitatange wengi wanaouzwa hawajazalishwa kwa tanki. Ni mtu amepiga mbizi huko Shimoni au Kilifi akawakamata kwa wavu mdogo. Wako akifa, kuna mwingine atatolewa kwa mwamba achukue nafasi yake.

Na kuna kijana amemaliza Form 4 juzi aliniandikia. Aliweka akiba ya kazi ya mjengo akanunua wawili kama wangu, tanki dogo kuliko langu. Mmoja alikuwa ameshakufa. Akaniuliza, "Bro, wako wanaendeleaje?" Wangu walikuwa wamekufa miezi mitano, na video bado ilikuwa inaniingizia pesa. Nilisoma hiyo meseji nikanyamaza siku tatu. Baadaye nilimjibu ukweli, nikamwambia yule aliyebaki amrudishe kwa duka kabla hajakua, halafu nikaitoa video.

Sisi wenye kamera tunawaonyesha siku ya kwanza, rangi zikiwaka. Siku ya tisa hatuwaonyeshi. Kuanzia sasa, mnyama yeyote nikimweka hapa, nitarudi kuwaambia alifika wapi.

Kwa tanki kuna acanthops mmoja. Ana miezi minne, na leo asubuhi amekula.