Jasusi Asiyetazamwa: Kiini cha Mvuto wa Filamu ya Spy

Tangu filamu ya kwanza ya James Bond ilipotoka mwaka 1962, filamu za kijasusi, yaani zile zinazosimulia kazi za siri za maafisa wa serikali, zimetawaliwa na taswira ya mwanamume mtanashati asiyetetereka, huku mwanamke akiwa pambo, mtego au mateka wa kuokolewa. Kwa hiyo, kila mwanamke anapopewa nafasi ya jasusi mkuu, na hasa katika filamu ya kuchekesha, huzuka swali kama kicheko humpandisha hadhi au humdhalilisha. Filamu ya Spy, iliyoongozwa na Paul Feig na kutolewa mwaka 2015, inastahili kupimwa kwa swali hilo, kwa kuwa ilifanikiwa sana sokoni: iligharimu takriban dola milioni 65 na kuingiza zaidi ya dola milioni 230 duniani kote.

Mhusika mkuu, Susan Cooper, anayeigizwa na Melissa McCarthy, ni mchambuzi wa Shirika la Ujasusi la Marekani (CIA), ambaye kazi yake ni kuketi katika chumba cha chini ya ardhi na kumwongoza kwa sauti afisa Bradley Fine, anayeigizwa na Jude Law, awapo uwandani, yaani mahali operesheni inapotekelezwa. Susan ndiye anayemwona adui kwanza na kutoa onyo, lakini sifa zote humwendea Fine. Inapobainika kwamba adui anawafahamu maafisa wa uwandani kwa majina na sura, shirika linalazimika kumtuma mtu asiyejulikana, naye ni Susan, ambaye hata wenzake hawajawahi kumtazama sawasawa. Hapa ndipo kilipo kiini cha mvuto wa filamu hii: kule kupuuzwa ambako ofisini ni dhuluma, katika ujasusi hugeuka kuwa silaha.

Wazo hilo lina mizizi katika historia. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Mmarekani Virginia Hall, aliyekuwa na mguu wa bandia, alifanya kazi za siri nchini Ufaransa, na aliporudi huko mwaka 1944 alijibadili akawa kama ajuza wa shambani, sura ambayo macho ya askari yangeweza kuipita bila kuijali.

Wapo wanaopinga filamu hii, na hoja yao ina uzito. Vichekesho vingi vinahusu mwili, umri na mavazi ya Susan, ambaye anapewa wigi zisizompendeza, utambulisho bandia wa mwanamke mpweke mwenye paka wengi, na vifaa vya kijasusi vilivyofichwa katika dawa za bawasiri na fangasi za miguu. Hata hivyo, ni lazima kuuliza nani aliyemchagulia vitu hivyo. Ni shirika lake mwenyewe, na kwa hiyo kicheko kinalirudia shirika hilo pamoja na dharau yake. Vivyo hivyo, Rick Ford, anayeigizwa na Jason Statham, anajisifu kwa chuku, yaani kwa maelezo yaliyopitiliza uhalisia, na kila anapojitosa anaharibu kazi, ilhali pambano la Susan jikoni mjini Budapest limeigizwa kwa umakini wote na linathibitisha kwamba mafunzo ya kazi ya uwandani aliyowahi kupata hayakupotea. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Dosari isiyoweza kutetewa ni mhusika Aldo, ambaye tabia yake ya kuwashikashika wanawake imegeuzwa mzaha. Tena lugha ya filamu ni chafu kiasi cha kutofaa kutazamwa na watoto.

Pamoja na dosari hizo, mizani inaelemea upande wa sifa. Rafiki wa Susan, mkuu wake wa kazi na adui wake mkubwa wote ni wanawake wenye akili na malengo yao wenyewe, na mwishoni Susan anaukataa mwaliko wa Fine wa chakula cha jioni ili atoke na rafiki yake Nancy. Kubadilisha jinsia ya shujaa peke yake hakutoshi; watengenezaji wa filamu wanaotamani mafanikio kama haya hawana budi kuanza na ujuzi halisi wa mwanamke ambao jamii imeupuuza, kisha wamwache mtazamaji amcheke aliyeupuuza.