Wasifu ni madai, tasnifu ndiyo ushahidi
Ndugu mwandishi, umenichekesha kwa yule mhadhiri uliyemsimulia ambaye makala yake "yakaribia kuchapishwa" tangu zama za kale, kwani hapa Kiriaini, tulipokuwa tukidurusu nyaraka za walioomba kazi katika chuo chetu kidogo, tulimkuta mmoja aliyehesabu miongoni mwa machapisho yake hotuba aliyoitoa arusini kwa binamu yake. Lakini, wasomaji wenzangu, msidhani kwamba ila hudhihirika daima katika wasifu: mwezi Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitunuku shahada 118 za uzamivu katika mahafali ya siku moja, hata Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaona haina budi kufanya uchunguzi. Basi mwajiri asiridhike na wasifu. Na aitake tasnifu yenyewe, aisome.