Kabla Beki Hajapanda Ndege, Kitengela Imwandike

Agosti 2025, Harambee Stars ilicheza mechi nne za makundi katika mashindano ya CHAN uwanjani Kasarani na kufungwa bao moja tu, lile la Angola. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliondoka mikono mitupu, Zambia vivyo hivyo, na hata Morocco, waliokuja kutwaa kombe lenyewe mwishoni mwa mwezi, walilazwa 1-0. Safu hiyo ya ulinzi ilitoka ligi ya nyumbani. Nahodha wake alikuwa Aboud Omar, beki wa kushoto aliyekaribia kutimiza miaka 33, ambaye alikuwa amechezea klabu za Ugiriki, Bulgaria, Ubelgiji na Romania kabla ya kurejea nchini na kujiunga na Kenya Police. Hata bao la Kenya katika robo fainali dhidi ya Madagascar, mechi iliyotuponyoka kwa mikwaju ya penalti, lilitiwa kimiani na beki, Alphonce Omija. Ila aliyepata tiketi ya Ulaya mara moja alikuwa fowadi, Ryan Ogam, aliyesajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Alistahili, na halalamikiwi hapa. Soko la kandanda ndivyo lilivyo: fowadi hununuliwa kwa mabao yake, beki hununuliwa kwa historia yake. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuwashughulisha watu wa Kitengela na Kajiado kwa jumla, kwa sababu historia ya mchezaji ni jambo la kuandikwa, na kwetu haiandikwi.

Mtazame Joseph Okumu. Alitoka Chemelil Sugar, akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, akavuka hadi Marekani na kuchezea timu ndogo ya Ann Arbor kisha Real Monarchs, mahali ambapo mashabiki wengi wa Kenya hawakuwa wakimfuatilia. Mwaka 2019 Brian Mandela aliumia goti kambini Ufaransa, siku chache kabla ya AFCON ya Misri, na nafasi ya beki wa kati ikamwangukia Okumu. Kenya iliipiga Tanzania 3-2, ikafungwa na Algeria na Senegal, timu mbili ambazo hatimaye zilikutana fainali. Kuondolewa mapema kwa timu hakukumzuia Okumu kuonekana. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Elfsborg ya Sweden. Mwaka 2021 Gent ya Ubelgiji ikamnunua. Mwaka 2023 akahamia Reims ya Ufaransa kwa ada iliyoripotiwa kuwa mamilioni ya yuro. Hesabu vituo hivyo. Mlinzi huyu alipanda ngazi kwa ngazi, na thamani yake iliongezeka kadiri alivyokomaa. Joash Onyango naye alikuwa na miaka 27 alipotoka Gor Mahia kwenda Simba mwaka 2020, umri ambao fowadi angekuwa anaambiwa amechelewa, na msimu huohuo Simba iliongoza kundi lililokuwa na Al Ahly katika Ligi ya Mabingwa Afrika na kufika robo fainali. Kabla yao, Musa Otieno, nahodha wa Stars kwa miaka mingi, alitwaa ubingwa wa Afrika Kusini na Santos ya Cape Town mwaka 2002 na bado akaendelea kucheza huko akiwa amepita miaka 30. Beki huchelewa kuiva, hudumu, na huhama mara kadhaa. Kwa klabu iliyomlea, hakuna mchezaji mwenye faida ndefu kama yeye, mradi klabu hiyo iwe na karatasi.

Karatasi hizo zina thamani gani? Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anapohamishwa kwa ada mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una haki ya asilimia 0.25 ya ada nzima, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Tuseme beki aliyelelewa Kitengela ananunuliwa kwa yuro milioni moja, bei isiyo ya kutisha huko Ulaya. Klabu iliyokuwa naye kuanzia miaka 12 hadi 15 ingepokea yuro 10,000. Ile iliyokuwa naye kuanzia 16 hadi 19 ingepokea 20,000. Kwa kiwango cha shilingi 150 kwa yuro, hiyo ni shilingi milioni 1.5 na milioni 3. Na malipo haya hayakomi mchezaji akifika miaka 23. Akiuzwa tena akiwa na miaka 26, klabu zilezile hulipwa tena. Akiuzwa akiwa na miaka 29, hulipwa tena. Kuna pia fidia ya malezi, ambayo hudaiwa mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mwanasoka wa kulipwa kabla ya kumaliza mwaka anaotimiza miaka 23. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalum mjini Paris ya kupokea na kugawa fedha hizi, nayo hufuata pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani orodha ya kila klabu alikosajiliwa tangu utotoni. Jina la klabu lisipokuwemo kwenye orodha, hakuna wa kulipwa. Fedha ambazo mwenyewe hakutambulika zinaweza kuishia kwa shirikisho la nchi, jambo ambalo, kwa rekodi ya soka yetu, halinipi usingizi mzuri.

Sasa tuje Kitengela. Mji huu, ambao bado una wazee wanaouita Noonkopir, ulikua kwa ploti. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya EPZ vikafunguliwa Athi River, na ardhi ya malisho ikageuka nyumba za kupangisha. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 mjini humo, na zaidi ya milioni moja katika kaunti nzima ya Kajiado. Wengi ni familia changa zilizotoka kila pembe ya nchi, na familia changa maana yake ni watoto wanaotaka mpira. Penye watoto wengi na wazazi wenye mshahara, akademia huota haraka. Mzazi hulipa kila mwezi, mtoto huvalishwa jezi, na Jumamosi kuna mazoezi kwenye uwanja wa kuazima. Hilo ni jema. Lakini kwa mujibu wa kanuni, akademia isiyo mwanachama wa shirikisho, na isiyo chini ya klabu iliyosajiliwa, haihesabiwi kuwa imemlea mtu. Mtoto akikaa humo miaka sita kisha akavuka daraja la Athi kujiunga na timu ya Nairobi, pasipoti yake itaanzia Nairobi, na miaka yake sita ya Kajiado haitaonekana popote.

Shule nazo zimo katika pengo hilohilo. Kwa miongo mingi shule za sekondari ndizo zimekuwa kiwanda halisi cha wachezaji wa Kenya. Eric Ouma, beki wa kushoto aliyefika AIK ya Sweden akipitia Gor Mahia na Georgia, ni zao la Kakamega High. Lakini shule si klabu, na mwalimu wa michezo aliyemfundisha kijana kusimama vizuri kwenye kona hana pa kuliandika jina lake. Kwa Kajiado kuna tatizo la ziada. Katika michezo ya shule kaunti hii imo Rift Valley, kwa hiyo kijana wa Kitengela anayeiona Nairobi kwa macho lazima timu yake iwapite vigogo kama St Anthony's Kitale ndipo afike mashindano ya kitaifa. Wachache hupita, na mawakala wa klabu kubwa hawana sababu ya kushuka Isinya au Kajiado mjini kutazama mechi za kaunti ndogo. Njia ya kutoka ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: shule ishirikiane na klabu moja ya mtaani iliyosajiliwa, na wanafunzi wanaoichezea wakati wa likizo wasajiliwe humo. Mwalimu aendelee kufundisha, klabu ishike rekodi, na makubaliano ya kugawana chochote kitakachopatikana yawekwe kwa maandishi.

Wapo watakaosema hii ni ndoto, kwamba ni kijana mmoja kati ya maelfu atakayeuzwa kwa yuro milioni moja. Ni kweli, na klabu inayopanga bajeti yake kwa kutegemea siku hiyo itafilisika. Lakini usajili haugharimu kama uwanja au basi. Unahitaji katiba fupi, viongozi wanaojulikana, cheti kutoka kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, uanachama wa tawi la shirikisho, na mtu mmoja makini wa kutunza faili. Timu nyingi za mitaani tayari zimejiandikisha kama vikundi vya kujisaidia ili zifungue akaunti ya benki. Waliokwisha kupanga foleni moja ya serikali hawawezi kushindwa na ya pili. Na tukumbuke kwamba nchini kwetu shilingi milioni 1.5 ni mipira, nauli na ada za marefa za timu ya daraja la chini kwa muda mrefu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Wakenya wengi huondoka bure. Mikataba yao huwa imekwisha, au klabu imeshindwa kulipa mishahara na mchezaji amevunja mkataba kihalali, na penye ada sufuri asilimia 5 yake ni sufuri. Hapa sina jibu la kuziba kila tundu. Hata hivyo fidia ya malezi haisubiri ada. Inategemea umri na usajili wa kwanza wa kulipwa. Isitoshe, beki akishaondoka bure mara moja, safari yake inayofuata ndiyo huwa na bei, kwa kuwa klabu ya ng'ambo haimwachi aende hivihivi. Klabu ya Kitengela ambayo haikupata kitu alipoondoka Nairobi inaweza kulipwa anapotoka Sweden kwenda Ubelgiji. Ndiyo maana nasema beki ni tofauti. Vituo vyake ni vingi, na aliyeandikwa mapema hunufaika hata vituo vya mbali.

Wengine wataona hapa biashara ya watoto. Tuhuma hiyo haifai kupuuzwa, maana wapo wanaojiita maajenti ambao huwazunguka wazazi na ahadi za majaribio Ulaya na kuwadai pesa za viza. Lakini usajili ndio unaomlinda mtoto. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache zilizoainishwa, na sheria hiyo huwa na meno pale ambapo mtoto anajulikana kuwa mchezaji wa klabu fulani, mwenye tarehe fulani ya kuzaliwa. Asiyeandikwa popote anaweza kusafirishwa kama mtalii na kuachwa mjini asikomjua mtu. Tarehe ya kuzaliwa nayo tusiikwepe. Desturi ya kupunguza umri ili kijana acheze mashindano ya chini imezoeleka kiasi kwamba makocha wengine huiona kama ujanja wa kawaida. Kwa beki ni upumbavu mtupu. Yeye hana haja ya kuonekana mtoto, kwa sababu thamani yake huja baadaye, na kijana mwenye miaka miwili tofauti ya kuzaliwa katika faili mbili huifanya klabu inayomtaka ikimbie.

Na shirikisho lenyewe je? Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho hilo la soka, FKF, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Novemba mwaka huo. Kwa miezi tisa Stars haikucheza, na mabeki waliokuwa katika umri wao bora walipoteza mechi za taifa ambazo ni sehemu ya ile historia ambayo wanunuzi huitazama. Anayesema hatuwezi kuamini karatasi zilizoachwa kwa ofisi kama hiyo ana hoja. Jibu lake si kuacha kuandika, bali kila klabu kubaki na nakala yake: fomu ya usajili, cheti cha kuzaliwa, orodha za vikosi, barua ya kumruhusu mchezaji kuhama.

Serikali ya kaunti haiwezi kujitoa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Uwanja wa Ildamat mjini Kajiado hauwezi kuwahudumia watoto wa Kitengela, Rongai, Ngong na Loitokitok, walio mbali nao, na katika miji inayokatwa ploti kila wiki, uwanja ambao hautatengwa leo utakuwa na ghorofa kesho kutwa. Lakini hata kabla ya viwanja, kaunti inaweza kuajiri afisa mmoja wa kuzisaidia klabu na akademia kujisajili na kuingiza wachezaji wao kwenye mfumo wa shirikisho. Mshahara wa mtu mmoja ni mdogo kuliko gharama ya kombe moja la mwanasiasa lenye jezi, hotuba na fahali wa kuchinja.

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na kila mtaa utajaa vijana wanaotaka kuwa Okumu. Wazazi wa Kitengela, kabla ya kulipa ada ya mwezi ujao, iulizeni akademia ya mwanenu swali moja: amesajiliwa wapi, na kwa tarehe ipi ya kuzaliwa? Msipoonyeshwa karatasi, mtafutieni klabu nyingine.