Japani: Anayetangulia Kuondoka na Mtoto Ndiye Mshindi

Julai 2021, macho ya dunia yakiwa kwenye Olimpiki ya Tokyo, Mfaransa mmoja aliketi nje ya kituo cha treni cha Sendagaya, karibu kabisa na uwanja wa taifa, akagoma kula kwa takriban wiki tatu. Hakuwa na ugomvi na michezo. Alikuwa anadai kuwaona wanawe wawili, ambao mama yao, Mjapani, aliondoka nao mwaka 2018.

Ukisikia habari kama hii unadhani lazima kuna hakimu mmoja katili aliyekataa. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe tatizo ni utaratibu wenyewe.

Kwa miongo mingi kifungu cha 819 cha sheria ya kiraia ya Japani kilisema wazazi wakiachana, mmoja tu ndiye anabaki na haki ya ulezi. Talaka yenyewe ni rahisi: mkikubaliana mnajaza fomu, mnaipeleka ofisi ya manispaa, imekwisha. Msipokubaliana juu ya mtoto mnakwenda mahakama ya familia, na huko wanatazama sana mtoto anaishi na nani kwa sasa, ili asiyumbishwe tena. Hoja hiyo inaonekana ya huruma. Lakini hebu fikiria inamfundisha nini mzazi anayeona talaka inakuja: mchukue mtoto mapema, hama, tulia miezi kadhaa, halafu ndipo uende mahakamani.

Aliyeachwa nje akibahatika hupewa saa chache kwa mwezi za kuonana na mwanawe. Mwenzake akikataa, mahakama inaweza kumtoza fedha kwa ukaidi huo, lakini hakuna atakayekuletea mtoto mlangoni.

Wapo watakaosema, si Japani ilijiunga na Mkataba wa Hague wa 1980? Ndiyo, tangu Aprili 2014. Mkataba huo unataka mtoto wa chini ya miaka 16 aliyevushwa mpaka kinyume cha haki arudishwe nchi aliyokuwa akiishi. Sasa yule Mfaransa familia yake ilikuwa ikiishi Tokyo. Watoto hawakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo mkataba haukumhusu! Na hata kwa wanaohusika nao, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, maofisa wa mahakama hawakuweza kumchukua mtoto kama mzazi aliyemshikilia hayupo pale pale. Mzazi akijificha, amri inabaki karatasi.

Mei 2024 bunge la Japani lilipitisha ulezi wa pamoja, utekelezaji ukipangiwa Aprili 2026, na waliokwisha kuachana nao wakaruhusiwa kuomba upya. Wanasheria na vikundi vya wanawake walipinga wakisema mwanamke aliyekimbia kipigo atafungwa kwa mumewe maisha. Hofu hiyo siibezi hata kidogo. Wengine wanaoondoka na watoto usiku wana sababu. Ndiyo maana sheria imeiagiza mahakama impe mzazi mmoja ulezi pale penye hatari ya ukatili, na hapo naiunga mkono kabisa. Ila madai ya kipigo yachunguzwe katika wiki za mwanzo, na wakati huo mtoto aonane na mzazi wa pili mbele ya msimamizi. Bila hivyo, ulezi wa pamoja utakuwa jina jingine la saa zile zile chache kwa mwezi.

Na sisi je? Vijana wenzangu wanaoa na kuolewa Ulaya, Marekani, hata huko Japani. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Mkataba wa Hague Tanzania haimo. Mwenzako akipanda ndege na mtoto pale Dar, utafungua kesi katika nchi aliyotua, kwa lugha yao, kwa wakili wao. Kesi ikichukua miaka miwili, mtoto aliyeondoka na miaka mitatu atakuwa na mitano, na huenda Kiswahili kimeshamtoka.