Dawa Pekee Haimrudishi Mtu Kazini

Mtu mwenye maradhi ya akili yaitwayo skizofrenia akipata dawa, na sauti alizokuwa akizisikia peke yake zikanyamaza, jamaa zake hushukuru wakidhani amekwisha pona. Kisha hurudi kazini. Husahau alichoagizwa asubuhi, huanza kazi akaiacha katikati, na msimamizi humwandika kuwa ni mvivu. Sisi twasema neno hilo ni dhuluma.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, waganga Delay na Deniker walionyesha kuwa dawa ya klopromazini huwatuliza wagonjwa hao. Dawa hiyo, na nyingine zilizoifuata, zimewatoa wengi wodini, wala hapana budi ziendelee kutumiwa. Lakini haziponyi udhaifu wa kukumbuka, wa kutuliza fikira na wa kupanga mambo. Mwaka 1996 Michael Green wa Marekani alikusanya tafiti nyingi, akaona kuwa udhaifu huo, kuliko zile sauti, ndio unaomzuia mgonjwa kujimudu katika maisha yake.

Dawa ya udhaifu huo bado inatafutwa. Iklepertini, iliyotumainiwa sana, ilishindwa katika majaribio makubwa ambayo matokeo yake yalitangazwa Januari 2025. Je, tukae tukingoja? Hata kidogo. Yako mazoezi ya akili, ambayo mgonjwa hufundishwa kukumbuka, kuzingatia na kugawa kazi hatua kwa hatua. Mwaka 2011 Til Wykes wa London na wenzake walijumlisha tafiti 40, wakaona mazoezi hayo yana faida. Tena faida katika maisha ya kila siku ilizidi pale yalipoambatana na mafunzo mengine ya kumrudisha mgonjwa katika shughuli zake.

Hapa ndipo wajibu wetu unapoanza. Duniani wako watu zaidi ya milioni 20 wenye maradhi haya, na wengi wao wataka kazi, si sadaka. Msimamizi na aandike maagizo badala ya kuyasema tu. Na atoe kazi moja, ikiisha atoe nyingine. Chama cha wafanyakazi na kimtetee mwenzao kabla barua ya kumfukuza haijatiwa sahihi. Aliyevunjika mguu hupewa mkongojo, wala hapana amwitaye mvivu. Hatuoni sababu ya aliyeumia akili kunyimwa wake.