Mchoraji Si Mtumishi wa Maneno

Neno dekadensia likishatafsiriwa "upotovu", kesi imekwisha kabla shahidi hajaitwa. Ndivyo ilivyokuwa London mwezi Aprili 1895. Oscar Wilde alipokamatwa, magazeti yaliandika kwamba alikuwa na kitabu cha manjano kwapani. Kilikuwa riwaya ya Kifaransa, lakini umati ulidhani ni jarida la The Yellow Book, ukaenda kuvunja vioo vya ofisi ya mchapishaji wake. Wilde hakuwahi kuandika hata ukurasa mmoja katika jarida hilo. Hata hivyo mhariri wake wa sanaa, Aubrey Beardsley, alifukuzwa kazi akiwa na umri wa miaka 22. Hakufikisha 26, kifua kikuu kilimwua mwezi Machi 1898.

Hukumu ya umati ule haistahili kurithiwa na msomaji wa Kiswahili. Ukakasi wa michoro ya Beardsley haukatai mtu, lakini kosa lake kubwa zaidi lilikuwa kukataa utumishi. Tamthilia ya Wilde, Salome, ilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1894, michoro yake haikuyafuata maneno kama kivuli. Mwezi aliupa sura ya Wilde mwenyewe, kwa kejeli. Katika chumba cha kujipambia cha binti wa kifalme wa zama za kale, alipanga rafuni riwaya ya Zola. Hayo hayamo katika tamthilia. Mchoraji alikuwa akiihakiki kazi ndani ya kitabu chenyewe.

Uhuru huo ulikuwa na msingi wa kiufundi. Zamani mchoro ulipitia kwanza kwa mchongaji, aliyeuchonga upya katika ubao. Kufikia miaka ya 1890, mchoro wa wino uliweza kuhamishwa kwa njia ya fotografia hadi kwenye bamba la zinki, kisha asidi ikala sehemu zisizotakiwa. Gharama ilipungua, na mstari ukamfikia msomaji karibu kama ulivyotoka kalamuni. Weusi mzito na weupe mtupu wa Beardsley ni lugha ya bamba hilo.

Uhakiki wa Kiswahili una nini cha kusema juu ya mambo kama haya? Kidogo mno. Umelelewa katika jozi ya fani na maudhui, na katika jozi hiyo picha haikupewa kiti. Jalada husifiwa kwa neno moja, "linavutia", na jina la mchoraji huachwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Atatokea wa kujitetea kwamba pwani ya Waswahili ni ya sauti na ushairi, si ya ukurasa uliopambwa. Utetezi huo hauna mashiko. Huko Siyu, kisiwani Pate, kabla Beardsley hajazaliwa, wanakili walikuwa wakiandika misahafu na kuipamba kwa nakshi na rangi. Hakuna anayeuweka msahafu na Salome katika daraja moja. Mmoja ni ibada, nyingine ni kejeli. Lakini vyote viwili vinathibitisha kwamba mkono unaopamba ukurasa unafikiri. Aliyeamua upana wa pambizo, mahali pa rangi, na pale jicho litakapopumzika, alikuwa akiongoza usomaji.

Wanaodhurika zaidi na uzembe huu wako mbali na pwani. Kwa mtoto aliyezaliwa Richmond Hill, kaskazini ya Toronto, na wazazi waliotoka Mombasa au Dar es Salaam, picha ndiyo mlango wa kwanza wa kitabu cha Kiswahili. Maneno huja baadaye, pengine yasije. Mlango huo ukijengwa ovyo, na asiwepo mhakiki wa kuusema, mtoto hugeuka akaenda zake.

Wala nyenzo hazikosekani huko. Juzuu zote 13 za The Yellow Book zimewekwa mtandaoni na wasomi wa Toronto Metropolitan University. Misahafu ya Siyu imechunguzwa na Zulfikar Hirji wa York University, chuo kilicho kusini kidogo ya Richmond Hill. Mirathi mbili zinasomwa katika jiji moja, na uhakiki wa Kiswahili haujazikutanisha.

Kazi yenyewe si ngumu kuianza. Kila tahakiki ya kitabu chenye picha imtaje mchoraji kwa jina, kisha ijibu swali moja: picha hizi zinasema nini ambacho maneno hayakusema? Mhakiki asiyeweza kulijibu amesoma nusu ya kitabu.